Kaseti Iliyokwenda Chato

Kuna harufu inayotoka kwenye mashine ya zamani inapowashwa baada ya kukaa muda mrefu bila kuguswa. Ni vumbi linaloungua juu ya nyaya, plastiki inayoanza kupata moto, na kitu kingine kitamukitamu ambacho mpaka leo sikijui jina. Majuzi nilikuwa kwa fundi simu, karibu na stendi ya Kahama, nimekaa kwenye benchi nikisubiri. Fundi akachomeka kompyuta moja nene, ya zile zenye kisogo, aliyoletewa na mteja. Ikanguruma, ikakohoa, na harufu ile ikanifikia. Fundi aliniuliza kama nataka kioo kipya au kilichotumika. Nilimsikia kwa mbali. Nilikuwa nimesharudi kwenye nyumba yetu ya nyuma ya soko, katika umri wa kung'oka meno, na mama yangu alikuwa ndani ya kioo.

Baba alikuwa fundi umeme kwenye kambi ya kampuni moja iliyokuwa ikitafuta dhahabu upande wa Geita. Alikuwa akiondoka na gari la kampuni Jumapili jioni na kurudi Jumamosi mchana, mwekundu wa vumbi mpaka kwenye kope. Mzungu mmoja, mtaalamu wa mawe, alipomaliza mkataba wake alimwachia vitu ambavyo hakuweza kuvibeba. Kimoja kilikuwa kamera ndogo ya video yenye mkanda wa kuvalia mkononi. Kingine kilikuwa kompyuta iliyofungwa kifaa cha kunyonya picha kutoka kwenye kamera na kuzihifadhi ndani yake. Mtaani kwetu hata televisheni zilikuwa chache. Kompyuta watu waliisikia tu.

Kabla mama hajaugua, baba alikuwa akitupiga picha za kila kitu. Kwa kuwa hapakuwa na harusi wala sherehe, alipiga yaliyokuwepo: mama akipepeta mchele uani, mama akinisuka, mimi nikiogeshwa kwenye beseni huku nikipiga kelele kwa sababu ya sabuni. Mama hakuipenda ile kamera. "Baba Kabula, acha bwana, sijachana hata nywele," alikuwa akisema, akijificha nyuma ya ungo. Baba alikuwa akicheka bila kutoa sauti, kamera ikitikisika, na picha zake zote za kipindi kile zinatikisika hivyohivyo.

Kisha mama akaanza kukohoa. Nakumbuka kikohozi kuliko ninavyokumbuka kukonda kwake, kwa sababu watoto hawaoni mtu wa kila siku akikonda. Asubuhi moja nilikwenda shule nikimwacha amekaa kwenye mkeka, amejifunika blanketi na hali jua limeshatoka. Niliporudi mkeka ulikuwa umekunjwa. Mdogo wake, mama mdogo Leokadia, alikuwa amekuja kumchukua wakapanda basi kwenda Chato, nyumbani kwa bibi. Hakuna aliyeniaga. Nilimkuta shangazi Milembe, dada yake baba, anaosha vyombo vyetu kana kwamba alikuwa akiviosha siku zote.

"Shikamoo shangazi. Mama yuko wapi?"

"Marahaba. Amekwenda kupumzika kwa mama yake. Vua viatu, unaniletea mchanga ndani."

Shangazi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa sokoni. Aliuza mchele, na mchele ulimtoa nyumbani asubuhi na kumrudisha jioni akiwa hana la kusema. Nikitoka shule nilichukua ufunguo chini ya ndoo iliyopinduliwa, nikafungua, nikala kiporo kilichofunikwa sahani. Baada ya hapo ilikuwa mimi na nyumba. Nyumba yenye mtu mmoja mdogo ina sauti nyingi ajabu. Bati linalia jua likilichoma, mtungi unadondosha tone, panya anapita darini. Nilijifunza kuzitambua zote.

Ilikuwa Jumamosi mchana baba alipomtoa mama kwenye kaseti na kumwingiza kwenye kompyuta. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoliona jambo lile. Alizima redio, akazima feni, akamkataza shangazi kugusa pasi. Akaunganisha kamera na kompyuta kwa nyaya, moja ya njano na moja nyeupe, akaniambia nikae kitandani nisitembee wala nisiguse meza. Mashine ikawa inanguruma kwa ndani kama mtu anayesaga meno. Kwenye kioo kikafunguka kidirisha kidogo, hakikuzidi kadi ya Krismasi, na ndani yake alikuwa mama.

Alikuwa uani na ungo wake. Lakini hakuwa sawa. Aliinua ungo, akaganda, na kabla sijaelewa ungo ulikuwa umeshashuka. Aligeuza kichwa kwa kurukaruka, kidogokidogo, kama anayevutwa kwa kamba. Midomo yake ilifunguka na kufungwa, hakuna kilichosikika, kisha alipokuwa ameshanyamaza sauti ikaja: "Baba Kabula, acha bwana." Ilikuja imechelewa, kama mtu anayeita kutoka mbali.

Jioni nilimuuliza shangazi mama anaumwa nini.

"Kifua," alisema. "Nguvu zimemwishia, mwanangu. Hata kuongea anaongea kwa shida."

Basi nikajua. Nilikuwa nimeshauona ugonjwa wenyewe kwa macho yangu. Kuumwa kifua ni kurukaruka vile, ni kuganda na ungo hewani, ni sauti yako kukufuata nyuma ikiwa imechoka. Sikumwambia mtu. Niliona kwamba watu wazima wanajua tayari na ndiyo maana hawataki kulizungumza.

Wiki iliyofuata nilihamia kwenye chumba kile. Baba alikuwa akiifunika kompyuta kwa kanga ya mama, ya rangi ya zambarau, ili vumbi lisiingie. Nikirudi shule nilikaa chini ya ile meza, mgongo wangu ukiegemea ukuta, nikafanya hesabu zangu pale. Kanga ilikuwa bado na harufu yake, ya mafuta ya nazi na moshi. Siku nyingine niliinua ukingo wake nikaweka sikio kwenye kioo. Kilikuwa cha baridi. Nilidhani mama amelala. Nilikuwa nafunga dirisha ili jua lisimchome, na nilipokula nilitafuna polepole.

Jumamosi ya pili ndipo mambo yalipogeuka. Nilitoka kuchota maji nikakuta baba ameinamia meza, mkono mmoja kwenye kile kidude cha kusogeza mshale. Chini ya picha kulikuwa na utepe mrefu umelala kuvuka kioo, na kila kipande cha utepe kilikuwa na picha ndogo ndani. Alikuwa na picha ya mama akinisuka. Mama alionekana mzima, amekaa kwenye kigoda, mimi katikati ya magoti yake. Baba akaweka alama mahali, akaweka nyingine, akabonyeza. Mama akatoweka. Utepe ukajifunga kama kidonda, na palipobaki ilikuwa ni mimi tu, kichwa changu kwa karibu, na vidole visivyo na mwenyewe vikipita kwenye nywele zangu.

Nilisimama nyuma ya pazia la mlango, ndoo bado iko kichwani. Shangazi alikuwa amekaa kitandani akichambua maharage. Akauliza kwa sauti ya chini:

"Umeshamwondoa?"

"Bado kidogo," baba akasema. "Kwenye ile ya beseni bado anaonekana."

"Na ile anapoimba?"

"Ile nimeitoa yote."

Nilitua ndoo nje taratibu nisije nikamwaga. Nilikwenda nyuma ya choo nikakaa kwenye matofali. Sikulia, maana sikuwa na hakika kama ni jambo la kulia. Nilichoelewa ni kwamba wamekubaliana. Mama alikuwa ameondolewa kwenye mkeka, akaingia kwenye kompyuta, na sasa anaondolewa huko pia, kipande baada ya kipande, na atakapokwisha hatakuwa na mahali pengine pa kuwa. Niliwaza labda baba amechoka kusubiri. Niliwaza labda analeta mama mwingine, kama ilivyotokea kwa rafiki yangu mmoja wa darasani, na huyo mpya hapendi kumkuta wa kwanza ndani ya nyumba. Kila nilivyozidi kufikiri ndivyo nilivyoona kwamba hakuna mtu wa kumwuliza, kwa kuwa wote wawili niliokuwa nao walikuwa upande mmoja.

Usiku ule sikula. Asubuhi, Jumapili, baba alinivalisha gauni la kanisani ingawa hatukwenda kanisani. Akaweka kigoda uani, palepale mama alipokuwa akipepetea, akanikalisha. Akavaa mkanda wa kamera mkononi, akafunga jicho moja, akaniita mama kwa Kisukuma, kama alivyozoea:

"Haya, mayu. Msalimie mama."

Nikavutavuta pindo la gauni.

"Mwambie, shikamoo mama. Mwambie habari za shule."

Niliangalia vidole vyangu vya miguu. Kuku alipita mbele yangu na vifaranga wake. Kamera ilikuwa inalia kwa ndani, sauti nyembamba, kaseti ikizunguka na kula muda.

"Kabula. Gari linakuja jioni, sina siku nyingine. Sema kitu chochote. Sema hata jina lako."

Shangazi alitoka jikoni akijifuta mikono. "Mtoto ana aibu huyu. Kabula, sema basi, usimchoshe baba yako."

Ndipo nikasema. Nakumbuka sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Mama gani? Si umeshamtoa?"

Baba alishusha kamera. Alinitazama, akamtazama shangazi, na shangazi akarudi jikoni. Kisha akafanya kitu ambacho sikuwa nimewahi kumwona akifanya: alikaa chini kwenye mchanga na suruali yake ya safari, mbele ya kigoda changu, akawa mfupi kuliko mimi.

"Nani kakwambia?"

"Nimeona. Unamkata. Umemkata kwenye nywele, umemkata kwenye beseni, na pale anapoimba umemtupa wote."

"Ni yeye aliyesema."

"Amesema nini?"

Baba hakuwa mtu wa maneno. Maneno aliyatoa moja moja, kama anayeshusha mzigo unaoweza kuvunjika. "Nilipokwenda kumwona nilimwambia nitamletea picha zetu za video. Akasema sawa, lakini mimi usiniweke. Akasema, najijua nilivyokuwa, sitaki kujitazama. Niletee mtoto tu. Niletee Kabula peke yake."

"Kwa nini mimi mwenyewe nisiende?"

Alichora mstari mchangani kwa kidole, akaufuta. "Kifua chake kinaambukiza. Daktari amekataza watoto. Halafu na yeye mwenyewe hataki umwone alivyo sasa."

"Najua alivyo," nikasema. "Anarukaruka. Na sauti inachelewa."

Baba hakuelewa. Ikabidi nimwonyeshe. Nilisimama kwenye kigoda na gauni langu la kanisani nikainua mikono kama mwenye ungo, nikaganda, nikaishusha ghafla, nikafungua mdomo bila sauti, kisha nikasema, "Acha bwana." Baba alianza kucheka kicheko chake cha kimya, mabega yakitikisika, na kikaendelea kwa muda mrefu kupita kiasi, na alipoinua uso nikaona kwamba kilikuwa kimeshakuwa kitu kingine.

"Hapana, mayu," alisema. "Ile ni kompyuta. Picha ni nyingi, zinakuja mbio, haiwezi kuzishika zote. Nyingine inazidondosha njiani. Mama yako harukiruki. Mama yako amelala tu."

Akanishika mkono tukaingia ndani. Akaiondoa kanga, akaiwasha kompyuta, tukasubiri. Akanionyesha kwamba vile vipande alivyovitoa hakuvitupa. Alikuwa ameviweka pembeni, mahali pake, na alikuwa amepaandika jina la mama. Alinifungulia kimoja: vidole vyangu vikiwa puani, na mama akisema kwa sauti iliyochelewa, "Toa mkono huko." Nilimwomba anifungulie kingine. Akanifungulia. Shangazi alileta chai akaiweka mezani, akaondoka, na chai ile, juu ya meza iliyokatazwa kuguswa, haikumwudhi mtu.

Tulirudi uani jua likiwa limepanda. Safari hii nilisema. Nilimwambia mama shikamoo. Nilimwonyesha pengo, nikamwambia jino limetoka na shangazi amelitupa juu ya bati. Nilimwambia kuku wake mweupe ametotoa. Nilimwambia baba akipika ugali unakuwa na madonge, na baba nyuma ya kamera akasema, "Eh, we!" Nilimsomea ukurasa wa kitabu cha Kiswahili, nikakosea, nikaanza upya. Halafu sikujua mtu anamalizaje. Nilikaa nikaitazama kamera mpaka baba akaizima.

Kilichobaki kilikuwa kazi ya mashine. Ili kaseti iweze kuchezwa kwenye deki ya kawaida, kompyuta ilibidi kwanza iunganishe vipande vyote, na ilikuwa ikifanya hivyo polepole kiasi kwamba ungeweza kupika makande yakaiva. Deki tuliazima kwa Mhindi wa duka la vitambaa, mzee mpole aliyeileta mwenyewe, ameifunga kwenye shuka, na kaseti mpya juu yake. "Ya mgonjwa?" alimwuliza baba. "Basi hii usinirudishie." Mchana ule umeme ulikatika kazi ikikaribia mwisho. Kioo kikafa na mlio wa kufyonza, na chumba kikawa kimya hivi kwamba nilisikia saa ya ukutani.  Baba alikaa na mikono mapajani mpaka umeme uliporudi, akaanza upya. Gari la kampuni lilikuja, likapiga honi nje, akatoka kumwambia dereva aende, aseme kambini kwamba yeye ana mgonjwa.

Asubuhi iliyofuata alipanda basi la Geita, akaunganishe huko kwenda Chato. Kaseti aliifunga ndani ya kanga ile ya zambarau. Nilitaka kuomba kanga ibaki, nikaona ni vibaya.

Yaliyotokea Chato sikuyaona. Alinisimulia mama mdogo Leokadia, na alinisimulia wakati ambapo hakukuwa tena na sababu ya kunificha kitu. Kwa bibi hapakuwa na umeme. Baba alikwenda sokoni kwa mtu mwenye kibanda cha kuonyeshea video, akazungumza naye, na yule mtu akaja mwenyewe na jenereta kwenye mkokoteni, televisheni na deki vimefungwa nyuma ya baiskeli kwa mpira. Waliiweka televisheni kwenye mlango wa chumba, ili mama aione akiwa kitandani. Majirani waliposikia jenereta walijaa uani, wakidhani wataonyeshwa sinema ya ngumi. Bibi akataka kuwafukuza. Mama akasema, "Waacheni. Wamwone mwanangu."

Kwa hiyo mtaa mzima wa Chato ulikaa chini ukanitazama mimi nikisukwa, nikiogeshwa, nikitoa kidole puani. Mama mdogo alisema hakuna aliyeondoka. Nilipoonyesha pengo, mama alisema, "Rudisha hapo." Wakarudisha. Akasema tena, "Rudisha." Nilipokosea kusoma, midomo yake ilisogea pamoja na yangu. Alicheka kwenye madonge ya ugali mpaka kikohozi kikamshika, ikabidi wasimamishe kaseti wamwinue. Alipotulia aliomba waendelee. Waliizungusha mpaka jenereta ikaishiwa mafuta, na kioo kilipozima watu walimuaga bibi mmoja mmoja wakaenda makwao, kama wanaotoka msibani, ingawa ilikuwa bado.

Baba alirudi Kahama akiwa na kamera begini. Alinishika kichwa. "Mama amekuona. Na amekujibu, iko humu. Tutaitazama Jumamosi nikirudi." Akaenda kambini. Nikahesabu siku kwa kuchora vijiti kwenye daftari la hesabu, na Jumamosi haikufika. Gari la kampuni lilisimama nje siku ambayo si yake, mchana, baba akashuka bila begi lake, na shangazi aliyekuwa amerudi mapema sokoni bila kusema kwa nini alikuwa ameshafunga nguo zangu kwenye mfuko.

Tulimzika mama Chato. Nakumbuka upepo wa ziwani ukipeperusha kanga za wanawake, na wanawake nisiowajua ambao walinijua. "Ndiye huyu," walikuwa wakiambiana, "yule wa kwenye video." Mmoja aliniinua kidevu atazame kama jino limeshaota. Nilikuwa mgeni kwa kila kitu pale, na kila mtu alikuwa ameniona nikioga.

Baada ya hapo nyumba yetu ilinyamaza kwa muda ambao siwezi kuupima. Mvua zilikuja zikaisha. Jino liliota. Shangazi alibaki, akiuza mchele. Baba akiwa nyumbani alitengeneza vitu visivyoharibika. Alifungua redio akaifunga, akabadilisha swichi nzima. Kompyuta ilikaa pale mezani imefunikwa shuka, na kamera ilikuwa juu ya kabati ndani ya begi lake. Sikuiulizia ile kaseti. Nilikuwa nimejua kwamba ikichezwa itafika mwisho, na isipochezwa haijafika. Nadhani baba naye alijua hivyo. Tulipita kwenye chumba kile kama watu wanaopita karibu na mtu aliyelala.

Siku moja ya likizo shangazi alinituma kwenye mashine ya kusaga. Nilirudi na unga kichwani, nyusi zangu nyeupe, na nilipofika kwenye mlango wa uani nikasikia mama anacheka ndani ya nyumba. Sikukimbia. Niliweka unga chini, nikavua ndala, nikaingia taratibu.

Baba alikuwa kwenye kompyuta. Kwenye utepe ule mrefu kulikuwa na vipande vingi vidogovidogo, vimepangwa kwa kupishana, cha giza na cha mwanga. Aliniona kwenye kioo kabla hajageuka.

"Kaa," alisema, akasogea, tukakaa wawili kwenye kiti kimoja.

Kwanza nilitokea mimi, kwenye kigoda, na gauni la kanisani. "Shikamoo, mama."

Kisha picha ikabadilika. Haikuwa mama. Ilikuwa mlango, umepigwa kutoka chini, kama anavyouona mtu aliyelala. Nje ya mlango kulikuwa na kipande cha ua, miguu ya bibi ikipita, nguo zinazokauka, na mbali sana, kati ya mashuka mawili, mstari mwembamba wa ziwa. Mama alikuwa amekataa kupigwa picha. Alimwambia baba aweke kamera juu ya mto, karibu na kichwa chake, nimwone yeye anachokiona. Na sauti yake ikatoka karibu kabisa, nyembamba, yenye pumzi nyingi:

"Marahaba, mwanangu."

Nikatokea tena mimi. "Jino limetoka. Hili la mbele. Shangazi amelitupa juu ya bati."

Mlango tena. "Nimeliona. Nimewaambia walirudishe mpaka wamechoka."

"Kuku wako mweupe ametotoa."

"Usiwashikeshike vifaranga. Mama yao ana hasira yule."

"Baba akipika, ugali una madonge."

Hapo ndipo kicheko, na kikohozi, na baba alikuwa amekiacha kikohozi hakukikata. "Mwambie akoroge," mama akasema alipopata pumzi. "Mwambie haraka ya nini."

Tuliongea hivyo, mimi na mama. Hatukuwa tumewahi kukutana tangu siku ile ya mkeka, na baba alikuwa ametukutanisha, neno kwa neno, kwa kukata na kuunga. Mahali pengine sauti ilichelewa, mahali pengine nilijibiwa kabla sijamaliza. Nilisoma ukurasa wangu wa kitabu na mama akanyamaza akisikiliza, na wakati nikisoma ziwa lilikuwa linang'aa kati ya mashuka.

Kisha mama akauliza kitu ambacho sikuwa nimekijibu kwenye kigoda, kwa kuwa wakati ule hakuwa ameniuliza.

"Kabula. Unanifika wapi siku hizi? Bado kiunoni?"

Picha haikubadilika. Mlango ulibaki palepale. Baba alikuwa ameigandisha, nguo zimesimama kwenye kamba, mguu wa bibi umesimama hewani, na hakukuwa na sauti yoyote zaidi ya kompyuta kunguruma. Alikuwa ameacha nafasi. Nilimtazama.

"Sijui," nikamwambia. "Nitajuaje?"

Baba alisimama, akanisimamisha kwenye sakafu katikati ya chumba. Akafikiri. Akanyoosha mkono wake hewani, kiganja kikitazama chini, akaupandisha kidogo, akaushusha kidogo, akitafuta, mpaka ukatulia mahali ambapo bega la mama lilikuwa likifika. Alitazama kati ya kiganja chake na kichwa changu kwa muda.

"Kwapani," alisema. "Mwambie unamfika kwapani."

Nikageukia kioo.

"Nakufika kwapani, mama," nikasema.